Mchanga wa Tangi la Samaki wa Tanganyika: Afya ya Samaki na Usalama wa Nyumba

Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni Mpanda, unapakana na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Wavuvi wa Karema na Ikola wanamfahamu vizuri kuhe, na wanawafahamu pia ndugu zake wadogo waishio kwenye miamba ya ufukweni. Wataalamu huwaita samaki hao siklidi, nao ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za siklidi, na nyingi kati ya hizo hazipatikani penginepo duniani. Hata wafugaji wa Ulaya wanalijua jina la Ikola, kwa kuwa samaki mmoja mweusi mwenye mshipi mpana wa njano huitwa kwa jina la kijiji hicho.

Siklidi hupendeza ndani ya tangi la kioo, sebuleni au katika chumba cha kungojea wagonjwa, na kuwatazama huwatuliza watu wengi. Hata hivyo, tangi lililoanza vizuri huweza kupoteza samaki baada ya miezi michache ilhali maji yake bado yanaonekana safi. Mara nyingi chanzo ni kubadilika kwa kiwango cha tindikali na alikali, yaani pH, na sehemu ya tiba imo katika mchanga unaotandikwa chini ya tangi.

Kwa nini maji hugeuka

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH kati ya 8.6 na 9.2, na hubakia hivyo kwa sababu yana bikaboneti nyingi, takriban miliekwivalenti 6 kwa kila lita. Bikaboneti ndiyo bafa: hupokea tindikali inayoingia na kuzuia pH isishuke ghafla. Mhudumu wa afya anaifahamu kazi hiyo, kwani bikaboneti hiyohiyo huisaidia damu ya binadamu kubaki kati ya 7.35 na 7.45. Mwilini, mapafu huondoa hewa ya ukaa na figo hurejesha bikaboneti iliyotumika. Tangi halina figo. Kila siku samaki hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, na kazi hiyo huzalisha tindikali. Bafa hupungua kidogo kidogo, na inapokwisha pH huporomoka. Maji ya mvua, ambayo karibu hayana bafa yoyote, hufika hapo mapema zaidi.

Mchanga wenye kalisi kabonati huchelewesha hali hiyo. Maji yakielekea kwenye tindikali, punje zake huyeyuka polepole na kurudisha bafa. Maji yakitulia, myeyuko hupungua. Huo ndio ubora wake: hutoa kadiri inavyohitajika.

Vifaa vya kuchagua

Mchanga wa matumbawe, makombe ya bahari yaliyopondwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa vyote vina kalisi kabonati. Punje ndogo huyeyuka haraka kuliko kubwa kwa kuwa eneo lake linalogusa maji ni kubwa. Dolomaiti huongeza pia magnesi, lakini huyeyuka taratibu zaidi. Mchanga mweupe wa mto wenye kwazi, pamoja na kokoto za itale, hauna athari kwa pH; unafaa kwa mapambo, haufai kwa bafa.

Kipimo rahisi ni matone ya siki juu ya jiwe kavu. Likitoa mapovu, lina kabonati. Lakini mapovu hayathibitishi kwamba jiwe hilo ni salama.

Tabaka la sentimita 3 hadi 5 linatosha, baada ya kuoshwa hadi maji yatoke bila ukungu. Likizidi kina, uchafu hujificha chini yake. Anayependa sakafu ya mchanga wa kawaida anaweza kuweka matumbawe yaliyopondwa katika mfuko wa wavu ndani ya kichujio.

Ni vyema pia kujua mpaka wa mchanga huo. Kalisi kabonati peke yake kwa kawaida huyaweka maji ya tangi kati ya 7.8 na 8.2, wala haiwezi kuyafikisha kwenye bafa ya ziwa lenyewe. Pengo hilo huzibwa kwa bikaboneti ya sodiamu ya kuokea. Gramu 5 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai, katika lita 40 huongeza karibu miliekwivalenti 1.5 kwa lita. Iyeyushwe katika maji mapya wakati wa kubadilisha, isimwagwe moja kwa moja juu ya samaki. Magadi ghafi ya kupikia maharage si mbadala: yana kabonati kali zaidi inayopandisha pH kwa ghafla, na mara nyingi yana floridi.

Mchanga usiofaa kuingia nyumbani

Mpanda ni mji wa madini. Tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na hadi leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanafanya kazi katika mkoa huu. Mchanga uliosagwa na kuachwa machimboni huvutia macho: ni laini, ni mwingi na hauuzwi. Lakini huweza kuwa na risasi, au zebaki iliyotumika kukamatia dhahabu. Samaki watadhurika, na hatari haiishii kwao. Vumbi lake hubaki katika ndoo, sakafuni na mikononi mwa watoto, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mchanga wa asili isiyojulikana usichukuliwe.

Chokaa ya kujengea nayo isitumike kamwe. Hupandisha pH hadi kiwango kinachoua samaki, na ikiingia jichoni huunguza. Aliyepatwa na ajali hiyo asafishwe jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe kituo cha afya.

Anayekwenda ziwani kutafuta makombe matupu akumbuke kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama katika maji yenye konokono wanaovibeba. Makombe makavu ya nchi kavu ni salama zaidi, na konokono hai wasiletwe nyumbani. Ndani ya hifadhi za taifa hakuna ruhusa ya kuchukua chochote.

Tahadhari ya amonia

pH ya juu ina gharama yake. Katika nyuzi joto 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu ni chini ya asilimia 1 pH ikiwa 7, karibu asilimia 5 ikiwa 8, na zaidi ya asilimia 35 ikiwa 9. Kwa hiyo kuupandisha pH ya tangi chafu kwa siku moja ni kuwatilia samaki sumu. Kwanza maji yabadilishwe, robo kwa wiki, na chakula kipunguzwe. pH ipandishwe kwa siku kadhaa.

Mikono ya mfugaji

Katika matangi ya maji ya uvuguvugu huweza kuishi bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu. Huingia kupitia mchubuko na kuleta kivimbe au kidonda kisichopona mkononi, wiki kadhaa baadaye, na tiba yake huchukua miezi. Mwenye jeraha avae glavu kabla ya kugusa mchanga, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kazi. Mhudumu wa afya anapokutana na kidonda sugu cha kidole, swali fupi kama mgonjwa anafuga samaki huweza kuokoa muda mrefu wa dawa zisizofaa.

Mchanga mzuri wa tangi, basi, ni ule unaotoa mapovu kwa siki, ambao asili yake inajulikana, na ambao mzazi asingeogopa kumwona mtoto akiuchezea.