Saratani, Kansa na Hesabu ya Maneno Yanayotafutwa

Katika nchi nyingi siku hizi wataalamu wa afya hupima hamu ya wananchi ya kuujua ugonjwa fulani kwa kuhesabu maneno wanayoyaandika katika mitambo ya kutafutia habari kwenye intaneti. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya matabibu na wanatakwimu. Kwa maoni yetu ni kazi ya istilahi kwanza, kwani kinachohesabiwa si hamu yenyewe bali ni neno. Na aliyekwisha kuchagua neno la kuhesabu amekwisha kuchagua watu atakaowasikia.

Ugonjwa tunaouzungumzia una majina mawili makuu katika Kiswahili. Saratani limetoka Kiarabu. Kansa limetoka Kiingereza, ambacho nacho kililipata kutoka Kilatini. Asili ya yote mawili ni kaa, yule mnyama wa pwani, maana waganga wa Kiyunani wa kale waliufananisha uvimbe na mwili wake. Kamusi zetu zimeyapokea yote mawili, lakini hayatumiki mahali pamoja. Saratani ndilo neno la nyaraka, la mabango ya afya na la Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam. Kansa ndilo la mazungumzo. Anayehesabu saratani peke yake huenda akawahesabu zaidi wanafunzi, wauguzi na waandishi wa habari, pamoja na wapenzi wa unajimu, kwani Saratani ni jina la nyota pia.

Tuzitazame wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wenyeji wengi huko ni Waha, na Kiha ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Ng'ambo ya mpaka ni Burundi, ambako Kirundi kinasikilizana na Kiha. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilipokea wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi waliingia humo na katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo. Waliosoma kwa Kifaransa huuita ugonjwa huu kansere. Basi watu wanaokutana katika soko moja waweza kuwa na majina matatu ya ugonjwa mmoja, na mtambo usipoelekezwa huyahesabu kama mambo matatu.

Ugumu huongezeka tukifika kwenye majina ya viungo. Nyaraka husema saratani ya mlango wa kizazi, na nyingine husema shingo ya kizazi. Mwananchi husema kansa ya kizazi, naye asijali kama ni mlango au ni mfuko wenyewe. Huu si ubishi wa wanasarufi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na dalili zake za awali zaweza kugunduliwa kwa uchunguzi mfupi kabla ugonjwa haujakomaa. Chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mzazi anayeandika "chanjo ya wasichana" anauliza habari za saratani, ingawa hesabu ya neno saratani haitamwona.

Vivyo hivyo umio. Saratani ya umio ni tatizo kubwa katika Afrika ya Mashariki, lakini ni nani nje ya darasa la biolojia anayelitaja umio? Mgonjwa hulalamikia koo: chakula kinakwama, kumeza kunamshinda. Ataandika hivyo hivyo, au atamwomba kijana mwenye simu amwandikie, na hapo maneno yatakayohifadhiwa ni ya kijana. Hili husahauliwa mno na wanaodhani kwamba kila swali ni la mwenye ugonjwa.

Kipimo chenyewe nacho kina mipaka yake. Kumbukumbu ambazo Google huwatolea watu wote, zinazoanzia mwaka 2004, hazitaji idadi bali uwiano kati ya 0 na 100. Maswali yakiwa machache mno huandikwa sifuri. Kwa Tanzania mgawanyo wake ni wa mikoa, kwa hiyo Kibondo na Kasulu humezwa ndani ya Kigoma. Sifuri hiyo isichukuliwe kuwa kutojali.

Isitoshe, hamu huamshwa na magazeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu utafutaji wa habari za saratani nchini Marekani katika miaka 2001 hadi 2003 ulionyesha kuwa wingi wa maswali ulifuatana na wingi wa habari zilizoandikwa kuliko ulivyofuatana na idadi ya wagonjwa wapya au ya vifo. Kenya, mwezi Julai 2019, saratani iliwaua Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge Ken Okoth na Gavana Joyce Laboso, na ugonjwa ukawa gumzo la taifa. Atakayesoma hesabu za mwezi kama huo hana budi kutenganisha hofu ya msiba na haja ya matibabu.

Kwa watafsiri na maofisa wanaotayarisha vipeperushi, ushauri wetu ni kwamba istilahi sanifu ibaki, lakini isisimame peke yake. Kichwa kiseme saratani, na mstari wa kwanza useme kansa. Panapotajwa umio, koo litajwe papo hapo. Na dalili ziandikwe kwa maneno ya anayeumwa, kama vile kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi. Anayetafuta kwa neno lake aufikie ukurasa huo huo.

Neno tezi dume lataka uangalifu wa peke yake. Hilo ni jina la kiungo, nacho kila mwanamume anacho. Lakini wengi husema "fulani ana tezi dume" wakikusudia ugonjwa. Kwa hiyo hesabu ya neno hili huchanganya uvimbe usio saratani, saratani yenyewe, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani. Wapo wanaopendekeza liundwe neno jingine. Sisi hatuoni faida yake kwa sasa: lililopo limekwisha kuenea, na linalokosekana ni kuandika daima "saratani ya tezi dume" au "kuvimba kwa tezi dume", hata pale nafasi ya bango inapokuwa finyu.