Mzigo, Mzimu, Mzinga, Mzingo na Mzio: Ujirani wa Herufi na Udugu wa Maana

Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti ili msomaji ayapate upesi, na kwa sababu hiyo maneno yasiyohusiana kimaana hukaa pamoja, huku yale ya ukoo mmoja yakitawanyika mbali. Nomino mzigo, mzimu, mzinga, mzingo na mzio ni mfano mzuri, kwa kuwa zote zimo katika ngeli ya U-/I-, na maisha ya Ipole, wilayani Sikonge kusini mwa mji wa Tabora, yanasaidia kuzitofautisha.

Mzigo ni kitu kinachobebwa. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya, na mzigo wa mtu mmoja ulifikia takriban frasila 2, ambazo ni kilo 32 hivi, kwani frasila ilikuwa kipimo cha ratili 35. Mzimu ni roho ya mhenga, au mahali pa kuitambikia, na ndugu zake, kuzimu na wazimu, wamo chini ya herufi nyingine.

Mzinga una polisemia, yaani neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana: ni makazi ya nyuki, ambayo warina asali wa Ipole huyatengeneza kwa magogo au magome ya miti ya miombo na kuyatundika mtini, na pia ni silaha kubwa ya kurushia makombora. Kinachoziunganisha maana hizo ni umbo la duara refu lenye uwazi ndani. Mzingo, ambao ni urefu wa mstari unaokizunguka kitu, unatokana, kama mzinga, na kitenzi zinga, yaani zunguka, kilichozaa pia zingira na mazingira. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliweka nomino za namna hii chini ya kitenzi chake, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka 1981, huziorodhesha kwa herufi ya kwanza. Ya kwanza huonyesha udugu, ya pili hurahisisha utafutaji.

Mzio ni kitu ambacho mtu au ukoo umekatazwa kukila, na katika tiba ya leo ni hali ya mwili kupambana kupita kiasi na kitu ambacho watu wengi hukistahimili, kiasi kwamba mrina asali mwenye mzio wa sumu ya nyuki anaweza kufa kwa kuumwa na nyuki mmoja asipotibiwa haraka.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiswahili asiishie kufundisha mpangilio wa herufi, bali amzoeze mwanafunzi kutazama ngeli, mzizi na mfano wa matumizi, kwa kuwa alfabeti huonyesha mahali neno lilipo tu, na maana yake hubaki kutafutwa katika asili yake na katika kazi za watu wanaolitumia.