Pete Ndogo, Mkazo Mkubwa

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba etha ni kampaundi tulivu. Mbona basi oksidi ya ethilini, etha aliyoigundua Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1859, huua vijidudu katika vifaa vya hospitali?

Jibu limo katika umbo lake. Atomi mbili za kaboni na moja ya oksijeni hufanya pete ya pembetatu. Vifungo vya kaboni hutaka pembe ya nyuzi 109.5 hivi, hapa vimebanwa hadi karibu 60, mithili ya ufito uliopindwa mno, ambao ukiguswa hufyatuka. Mkazo huo ni yapata kilojuli 114 kwa moli. Pete ya atomi nne hukaribia kiasi hicho. Ya tano, tetrahidrofurani, ina kama 23 tu, nayo ni kiyeyushi kitulivu.

Pete ya atomi tatu ikifunguka hujishikiza kwenye protini na DNA ya kijidudu. Lakini haichagui: hushambulia pia chembe za mwili wetu, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliithibitisha kuwa husababisha saratani. Ndiyo sababu vifaa vilivyotakaswa kwa gesi hii lazima vipitishiwe hewa ya kutosha kabla ya kumgusa mgonjwa.