Kwa Nini Kinu Hutangulia Sufuria

Saianaidi ya muhogo haikai ndani ya mmea ikiwa tayari. Huzaliwa pale mmea unapopondwa, na kuponda huko huko ndiko kunakotuokoa nayo. Jambo hili laonekana kama kinyume, lakini akina mama wa Kikongo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, hulitenda kila wanapopika sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo. Majani hutwangwa kwanza mpaka yalainike kabisa, ndipo sufuria hubandikwa jikoni na kuachwa ichemke kwa muda mrefu. Kinachowafanyia kazi ndani ya kinu ni kimeng'enya.

Majani na mizizi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana linamarini, yaani sukari iliyofungamana na saianaidi. Ndani ya seli nzima linamarini huhifadhiwa kwenye kifuko chake, na kimeng'enya kiitwacho linamarasi hukaa kwenye ukuta wa seli. Mdudu akitafuna jani, au mchi ukishuka, kuta hupasuka, viwili hivi hukutana, na saianaidi huachiwa. Ndivyo mmea unavyojilinda.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila yenyewe kumalizika. Linamarini ikiachwa peke yake hudumu, kwa sababu kuvunjika kwake kunadai nishati ya kuanzia. Mfano wake ni msafiri aliyezuiwa na kilima cha Isingiro: kimeng'enya hakimbebi, bali humpitisha njia ya chini kando ya kilima, na mwisho wa safari ni ule ule. Linamarasi ina kishimo chenye umbo linaloipokea linamarini. Huishika, hukata kiungo kati ya sukari na kipande chenye saianaidi, kisha huachia vyote viwili na kupokea nyingine. Wanga na protini za jani haizigusi. Kwa kuwa hurudia kazi hiyo mara nyingi mno, kiasi kidogo tu chatosha kinu kizima.

Lakini majani yaliyotwangwa si yameshakufa? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1897 na Mjerumani Eduard Buchner. Alisaga hamira pamoja na mchanga, akakamua maji yake, akayatia sukari, nayo ikageuka kileo bila seli hata moja iliyo hai. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1907. Tangu hapo tunajua kwamba kimeng'enya hakihitaji seli hai ili kifanye kazi. Kinachohitaji ni umbo lake kubaki salama.

Hapo ndipo moto unapoingia. Joto la wastani hukiharakishia kimeng'enya kazi, lakini maji yanayochemka huikunjua protini, umbo likapotea na kazi ikakoma. Linamarini yenyewe huvumilia moto. Anayechemsha muhogo mchungu bila kuuponda wala kuuloweka huharibu kifaa na kubakiza sumu, ambayo bakteria wa utumbo wanaweza kuja kuifungua baadaye. Anayetwanga kwanza huipa linamarasi nafasi. Saianaidi iliyoachiwa hugeuka hewa kwenye nyuzi joto 26 hivi, kiwango kinachofikiwa mchana wa kawaida katika mji jirani wa Mbarara, na moto humalizia kuifukuza. Mizizi nayo hulowekwa siku kadhaa mpaka ilainike, vijidudu vikisaidia kubomoa kuta za seli, kisha huanikwa.

Ikiingia mwilini, saianaidi huziba kimeng'enya cha mwisho katika upumuaji wa seli, saitokromu oksidasi. Damu huleta oksijeni, lakini seli hushindwa kuitumia. Mwili hujitetea kwa kimeng'enya kingine, rodanesi, kilicho kingi kwenye ini. Hiki huunganisha saianaidi na salfa, nayo ikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutokana na protini: maziwa ambayo Mbarara inasifika kwayo, samaki wa Ziwa Nakivale, mayai, maharage. Anayekula muhogo mtupu kila siku huongeza sumu huku akipunguza kinga.

Madhara yake si ya kufikirika. Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki katika mkasa uliohusishwa na unga wa muhogo. Mwaka 1985, wilayani Tarime, Tanzania, ulizuka konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, miongoni mwa watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha.

Unga unaotiliwa shaka una dawa rahisi, kwa sababu linamarasi nyingine hubaki ndani yake ikingoja maji. Changanya unga na maji, utandaze usizidi unene wa sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Watu hufupisha kazi hii ya kuandaa muhogo wakati wa ukame, njaa na ukimbizi, yaani wakati ule ule protini inapoadimika mezani. Kwa hiyo anayegawa vipando vya muhogo au unga wake agawe na maelezo haya pamoja na sababu zake: ponda, lowesha, subiri, ndipo upike.