SINDANO, UZI NA KUPONA: KAZI ZA MIKONO KWA MAMA ALIYEJIFUNGUA KWA UPASUAJI

Leo nazungumza na mama aliyejifungua kwa upasuaji na sasa yuko nyumbani, pamoja na mama mkwe, dada au jirani anayemtunza.

Mara nyingi ngozi ya kidonda huwa imeshikana baada ya wiki mbili hivi. Hapo ndipo taabu huanza. Mama hujiona amepona, huona aibu kuketi wengine wakifanya kazi, na mara hiyo anainua mtungi wa maji wa lita 20. Lakini chini ya ngozi kuna tabaka nyingine zilizokatwa na kushonwa, pamoja na mfuko wa uzazi. Hizo huchukua wiki sita au zaidi kupona. Kwa hivyo twasema: kwa wiki sita, usiinue kitu kizito kumshinda mtoto wako.

Tatizo ni kwamba mikono ikikosa kazi, miguu huenda kuitafuta. Basi ipe mikono kazi nyepesi. Kina mama wengi hapa kwetu wanajua kufuma vitambaa vya makochi, kudarizi vitambaa vya meza au kusuka vyondo. Hata kama hujui, mishono ya msalaba ni rahisi kujifunza. Unatumia kitambaa chenye vitundu vidogo vilivyopangika. Uzi unapita mshazari mara moja, kisha mshazari mwingine juu yake, unapata alama ya X. Alama hizo zikijipanga, zinatoa ua au jina la mtoto.

Kazi hii haivuti misuli ya tumbo. Ukihesabu vitundu, mawazo hutulia. Na mtoto akilia, unaiweka chini pale ulipofika bila kuharibika.

Hata hivyo, mama, zingatia mambo haya manne.

Kwanza, usingizi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Akilala, lala nawe. Uzi ni wa muda unaobaki. Kama kuna mtu ameagiza kitambaa, mwambie atakipata baada ya wiki sita.

Pili, usiketi mahali pamoja kwa muda mrefu. Katika wiki sita baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya miguu, na upasuaji huongeza hatari hiyo. Kila baada ya nusu saa hivi, inuka, tembea polepole ndani ya nyumba, kisha unywe maji. Unapoketi, weka mto mgongoni ili usijikunje juu ya kidonda.

Tatu, mwangaza. Shona mchana karibu na dirisha au mlangoni. Usikazie macho wala kuvuta moshi wa koroboi kwa sababu ya ua la kitambaa.

Nne, sindano na makasi. Usishone ukiwa unanyonyesha au mtoto akiwa mapajani. Hesabu sindano kabla na baada ya kazi, uziweke kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na kitanda na watoto wakubwa.

Sasa sikiliza vizuri. Uzi hautibu ugonjwa. Kuanzia siku ya tatu hivi, mama wengi hulia bila sababu, na hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Lakini ikiendelea, ukawa hulali hata mtoto akilala, na hata kitambaa ulichokipenda hutaki tena kukishika, nenda kituo cha afya. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu mara moja na mwende hospitalini siku hiyo hiyo.

Kadhalika, kimbia hospitalini ukiona usaha au harufu mbaya kwenye kidonda, homa, damu nyingi inayolowesha pedi kwa saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla. Hata ukijisikia vizuri, usikose kliniki ya wiki mbili za kwanza na ile ya wiki ya sita.

Nawe unayemtunza, ukimkuta ameketi na sindano huku sufuria hazijaoshwa, usimwite mvivu. Osha sufuria, chota maji, umwachie kazi yake. Kidonda kikifunguka atarudi wodini, na mzigo wa nyumba utakuwa mkubwa zaidi kwenu nyote.

Hadi wiki ijayo, saa kama hii, mimi ni muuguzi wako wa jamii. Ugua pole, mama, na upone vyema.