Maji, Jua na Nepi za Kitambaa

Mwanamke atarajiaye kujifungua, aingiapo leo katika duka la vifaa vya watoto, liwe la Kariakoo au la Mombasa, hulakiwa na pakiti za pampasi zilizopangwa kutoka sakafuni hadi darini, na aghalabu hutoka na moja au mbili bila ya kujiuliza kama kuna njia nyingine ya kumsitiri mtoto. Bibi yake hakuwa na duka hilo. Alikuwa na sanduku, na ndani yake kanga kuukuu zilizofuliwa hata zikalainika, vipande vya bafta na melimeli vilivyopindwa kwa mkono, na pini chache ndani ya kopo. Siku hizi watu wanalirudia sanduku lile, wengine kwa sababu ya fedha, wengine kwa ajili ya ngozi ya mtoto, na wengine kwa kuchoshwa na taka. Lakini wengi wao hukosa wa kuwaonyesha, maana elimu hii haikuandikwa, ilikuwa ikipokewa uani kwa kutazama, na aliyekulia katika nyumba isiyo na ua hakupata kuitazama.

Hesabu ya fedha si ngumu. Mtoto abadilishwaye pampasi sita kwa siku kwa muda wa miaka miwili na nusu atakuwa amemaliza zaidi ya 5,000, ilhali dazeni mbili za nepi za kitambaa humtosha yeye, na zikitunzwa humfaa na mdogo wake. Hesabu ya taka ni nzito zaidi. Pampers za kampuni ya Procter & Gamble zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na baadaye, katika miaka ya 1980, watengenezaji wa bidhaa za namna hii wakaingiza zile chembe za kemikali ambazo hunyonya mkojo na kugeuka ute mzito. Chembe hizo ndizo zifanyazo pampasi ionekane kavu ingawa imejaa, na ndizo, pamoja na plastiki iliyozifunika, zisizooza zikitupwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019, lakini pampasi haikuguswa. Na mwenye choo cha shimo ambamo wapangaji wote wa nyumba huzitupa usiku anajua mwenyewe namna shimo linavyojaa kabla ya wakati wake.

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2008 Idara ya Mazingira ya Uingereza ilitoa ripoti iliyopima madhara ya nepi za aina zote mbili kwa mtoto mmoja katika miaka miwili na nusu, ikaona kwamba pampasi hutoa takriban kilo 550 za hewa ya ukaa, na nepi za kitambaa takriban kilo 570, yaani hakuna kubwa la kutofautisha. Sababu ilikuwa ufuaji: maji ya moto sana, mashine isiyojazwa vizuri, na mashine ya kukaushia. Ripoti hiyo hiyo ikasema kuwa nepi zikianikwa nje, mashine ikajazwa sawasawa, na nepi zikatumiwa na mtoto wa pili, kilo kama 200 hupungua. Kwa hiyo uzuri wa nepi ya kitambaa haumo katika kitambaa peke yake, umo katika namna ifuliwavyo na ikaushwavyo, na hilo ndilo ningependa msomaji alishike kabla hajatoa fedha yake mfukoni: ayapime kwanza maji yake, jua lake, na mikono iliyomo nyumbani mwake, ndipo aende dukani.

Katika vitambaa, pamba ndiyo asili ya kazi hii, na katika nchi za joto haijapata mshindani, kwa kuwa hunywa mkojo, hupitisha hewa na huvumilia maji yachemkayo. Kanga kuukuu ni hazina kwa siku za mwanzo: ni nyembamba, hukauka upesi juani, na kanga moja ikikatwa katikati hutoa nepi mbili pana za kukunja. Kanga mpya haifai, kwa sababu wanga wa kiwandani ulioikakamaza huyakataa maji. Kadhalika nepi yoyote mpya ya pamba ifuliwe mara tatu au nne kabla ya kuvikwa mtoto, maana pamba ina mafuta yake ya asili yasiyotoka kwa mfuo mmoja, na asiyelijua hilo humlaumu muuzaji kwamba nepi inavuja. Mtoto akishapita miezi mitatu hivi mkojo wake huwa mwingi, na hapo hutakiwa nepi ya taulo, mraba wa sentimita 60 kwa 60, ambayo hunywa zaidi lakini hukauka kwa kukokoteza, hasa wakati wa masika.

Juu ya nepi huvikwa kifuniko. Zamani kilikuwa ni chupi ya plastiki yenye mpira kiunoni na mapajani, ambayo ilizuia mkojo na kuzuia hewa pamoja. Siku hizi kuna kitambaa cha poliesta kilichopakwa utando mwembamba usiopitisha maji, nacho ndicho kilichoshonewa zile nepi za kisasa zenye vifungo vya kubana mbele, za kupunguzwa na kuongezwa kadiri mtoto akuavyo, na mfuko wa ndani wa kutilia tabaka za kunyonya. Ni nepi nzuri, sikatai, na akina baba wasiojua kukunja huzipenda. Ila zikinunuliwa dazeni mbili kwa mkupuo mmoja gharama yake humvunja mtu moyo, na mpira wake hulegea upesi kwa maji ya moto na kwa jiki. Mwenye fundi cherehani jirani na vipande vya flaneli hakosi njia ya katikati.

Kukunja si kazi ya kutisha. Mraba hukunjwa pembe kwa pembe ukawa pembetatu, mtoto akalazwa juu yake, upande mrefu ukikaa kiunoni, ncha ya chini ikapitishwa katikati ya miguu, na ncha mbili za ubavuni zikakutana juu yake zikafungwa. Kwa mtoto wa kiume unene wa kitambaa huwekwa mbele, kwa wa kike huwekwa katikati, na kwa yeyote ambaye kitovu chake hakijaanguka, nepi hukunjwa ikaishia chini ya kitovu ili pale pakae pakavu. Miguu isinyooshwe na kubanwa pamoja, bali iachwe ikunjike na kupanuka itakavyo, kwa ajili ya usalama wa nyonga. Pini yenye kichwa cha kuficha ncha, ambayo Walter Hunt wa New York aliipatia hataza mwaka 1849, ingali inafanya kazi yake vyema: mfungaji aweke vidole vyake viwili baina ya kitambaa na tumbo la mtoto, ili ikiwapo wa kuchomwa, achomwe mkubwa. Pini iliyokuwa butu ichomekwe katika kipande cha sabuni, itateleza.

Kichanga hubadilishwa kila baada ya saa mbili au tatu, na mara moja anapojisaidia haja kubwa, usiku hali kadhalika. Hapa ndipo pampasi humdanganya mlezi, kwa kuwa haionyeshi umajimaji, ilhali kitambaa husema kweli mara moja. Choo cha mwanzo cha mtoto, kile cheusi chenye kunata, hushika katika nguo kwa ukaidi, na wengi huzitumia kanga zilizochakaa kabisa kwa siku zile mbili tatu. Mtoto akitoka vipele apewe nafasi ya kulala bila ya nepi saa moja au zaidi kila siku, na wekundu ukizidi, au ukaingia ndani ya mikunjo ya ngozi pamoja na vipele vidogo pembeni, yawezekana ni fangasi, na hapo aende kliniki. Mafuta mazito ya kupaka yasizidishwe, kwani huingia katika kitambaa kikaacha kunywa.

Sasa tuje katika kufua, ambako ndiko wengi wanakokatia tamaa. Watu wa pwani walikwisha kufundishwa msingi wa jambo hili katika vyuo vya Kurani, bila ya kudhani kuwa ni somo la ufuaji. Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, husema kwamba mwili wa najisi uondolewe kwanza, kisha maji machache yamiminwe juu ya nguo, isiwe nguo kutumbukizwa katika maji machache na kuyanajisi yote. Hata ikatofautisha mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chochote ila maziwa, ambao hutosha kurushiwa maji yakaenea, na mkojo wa mtoto wa kike, ambao sharti uoshwe. Basi afuaye nepi, awe wa dini yoyote, atende vivyo hivyo: kinyesi kikung'utiwe chooni, wala asisadiki maneno ya kwamba choo cha mtoto hakina dhara, kwa kuwa vijidudu vya kuharisha humo hukaa, kisha nepi imiminiwe maji ya baridi, iwekwe katika ndoo yenye mfuniko, na ifuliwe siku ile ile au ya pili yake kwa maji ya moto na sabuni ya kiasi. Ndoo ya kulowekea isiachwe wazi hata kwa dakika moja pale penye mtoto atambaaye, maana maji ya kimo cha shubiri moja yatosha kumzamisha.

Nimesema sabuni ya kiasi kwa makusudi. Sabuni isiyosuuzwa ikatoka hukaa katika nyuzi, nepi ikawa ngumu, ikaacha kunywa, na ikirowa mkojo hutoa harufu kali yenye kuchoma pua. Wakazi wa pwani wafuao kwa maji ya kisima yenye chumvi hupata mashaka hayo mara mbili, kwani maji hayo hayatoi povu, na mfuaji hudhani dawa ni kuongeza sabuni, naye anaongeza tatizo. Afadhali atumie maji hayo kwa mfuo wa kwanza, na maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi ayaweke kwa msuuzo wa mwisho. Dawa za kulainisha nguo na kuzitia harufu nzuri zikae mbali, kwa sababu hupaka nyuzi mafuta.

Jua hufanya nusu ya kazi. Doa la manjano lililoshinda sabuni, likipakwa maji ya limau na nepi ikaanikwa ingali mbichi, hufifia, na vijidudu vingi hupungua. Kamba ya kuanikia iwe juu na penye jua kamili, si juu ya majani wala uzioni wala kivulini, kwa sababu katika Uganda, Kongo na sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pwani ikiwamo, yuko inzi mmoja wa rangi ya manjano iliyofifia ambaye hutaga mayai yake katika nguo mbichi zilizo kivulini na katika mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kuota jipu. Pasi yenye moto, ikipitishwa pande zote mbili, mishono na pindo zisisahauliwe, humaliza mayai hayo. Bibi zetu walipiga pasi nepi za watoto, na wajukuu wakawacheka kwamba wanaipamba nguo ya kukojolewa.

Liko jambo jingine litakalopunguza rundo la kufua kuliko mashine yoyote, nalo halinunuliwi. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walieleza katika jarida la Pediatrics la Marekani namna Wadigo wa pwani ya Kenya wanavyowafunza watoto wao haja: mama huanza katika majuma ya mwanzo, hukaa chini na miguu ameinyoosha, akampakata mtoto baina yake akiwa amempa mgongo, akatoa sauti ya "shuu" mpaka mtoto akakojoa, kisha akambembeleza na kumnyonyesha, na aghalabu mtoto huwa mkavu mchana na usiku afikapo miezi mitano au sita. Madaktari wa Marekani wakati huo walikuwa wakiwafundisha wazazi wangoje hata mwaka wa pili. Mama aendaye kazini hawezi kuitimiza ada hii yote, lakini amtoaye mtoto nepi kila aamkapo na kila amalizapo kunyonya, akampa dakika chache juu ya beseni, ataona kamba yake ya kuanikia inapungua nguo.

Imebaki mikono. Watu huisifu nepi ya kitambaa kana kwamba hujifua yenyewe, ilhali mfuaji ni mzazi aliye bado katika arubaini yake, au msichana wa kazi ambaye mshahara wake haukuongezwa. Nyumba isiyo na maji ya kuaminika, ambamo kila ndoo hununuliwa, itumie pampasi bila ya kuona haya. Na hata mwenye maji tele azitumie safarini na siku za mvua za mfululizo.

Kwa mwenye kutaka kuanza, asinunue dazeni mbili leo. Ashone au anunue nepi sita na vifuniko viwili, azitumie mchana tu akiwa nyumbani, kwa muda wa wiki mbili, akiangalia zinakauka kwa muda gani na nani anazifua. Zikimwelea aongeze hadi 24, ambazo humwezesha kufua siku moja na kupumzika siku ya pili. Na zamu moja katika hizo za kufua, baba wa mtoto aichukue.