Mlinzi wa Volti

Katika mji mdogo wenye mtambo mmoja wa umeme, kinu cha kusaga kianzapo kazi jioni, taa za nyumba zote zingefifia. Na kikomapo, zingewaka kwa ukali hata kuungua. Illa haziwi hivyo, kwa kuwa mtambo una mlinzi wake.

Asili ya mtambo huo, uitwao jenereta, ilivumbuliwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831. Aliona ya kuwa sumaku ikisogezwa karibu na waya uliovingirishwa, umeme hutokea katika waya. Basi ndani ya jenereta sumaku huzunguka katikati ya nyaya za shaba. Ncha moja ikipita, umeme huenda huku. Ncha ya pili ikipita, hurudi kule. Kwetu Afrika ya Mashariki umeme huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa hiyo mtambo wenye ncha nne hauna budi kuzunguka mara 1,500 kila dakika, usizidi wala usipungue.

Sasa tazameni shida. Mota ya kinu, wakati wa kuanza, yaweza kunywa umeme mara tano au sita kupita inywavyo ikiisha shika mwendo. Umeme huo upitapo katika nyaya za jenereta, nyaya nazo hugeuka sumaku, zikashindana na sumaku ile ya kwanza. Volti, yaani msukumo wa umeme, hupungua. Je, tuzungushe mtambo kwa haraka zaidi? La, maana hesabu ya mara 50 itaharibika, na kila mota mjini itakwenda mbio.

Imebaki njia moja, nayo ni kuongeza nguvu ya sumaku. Sumaku hiyo ni chuma kilichozungushiwa waya, hupata nguvu kwa umeme mdogo uendao upande mmoja tu. Ukiuongeza umeme huo, sumaku yapata nguvu, ukiupunguza, yalegea. Zamani mtu aliketi mbele ya kipimo cha volti, akizungusha gurudumu dogo kwa mkono, usiku na mchana. Akisinzia, mji mzima ulijua.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chombo kiitwacho kidhibiti cha volti. Hupima volti bila kukoma na kuzilinganisha na kiasi kilichowekwa, kama 230. Zikipungua huongeza umeme wa sumaku, zikizidi huupunguza. Fundi hukitengeneza kwa uangalifu sana, kwani kikiwa na pupa volti zitapanda na kushuka, taa zipepesuke. Kikiwa kizito, mota itashindwa kuanza.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kinu kizimwapo ghafula. Mzigo umeondoka, na sumaku ingali na nguvu, wala hailegei papo hapo hata ikiamriwa. Kwa muda mfupi volti huruka juu. Nayo taa ya waya mwembamba, ikipewa daima volti zilizozidi tano katika mia, huishi kadiri ya nusu tu ya umri wake.